Ng'ombe Wanne wa Sintamei

Katambuga za Sintamei zilikatwa kutoka tairi la lori, na mwaka 1983 peke yake alimaliza jozi tatu. Fundi aliyemkatia pale mnadani Karatu alimwambia kwamba tairi lile, lilipokuwa bado kwenye lori, halikupata taabu namna hii. Sintamei hakucheka. Alivaa, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka kabla fundi hajamaliza kufuta kisu.

Mtoto mwenyewe aliitwa Moloimet, ana miaka minne, naye aliota majipu kama watoto wenzake walivyoota meno. Alipochanjwa kifua kikuu, kidonda cha chanjo kilikataa kupona na mtoki ukavimba kwapani hadi ukapasuka. Ukapona, ukaja mwingine shingoni. Ukapona, ikaja homa ya mapafu. Mpige sindano ya penisilini, baada ya siku nne anakimbiza mbuzi. Ngoja mwezi mmoja, amelala tena, macho yamemwiva, usaha unatoka mahali papya. Wengine huugua wakamaliza. Moloimet alipumzika tu kati ya ugonjwa na ugonjwa.

Washauri hawakukosekana. Laiboni, mganga wa Kimaasai, alisema ni jicho la mtu, akataka kondoo. Katekista alisema ni jaribu la Mungu, hakutaka kondoo ila alikaa mpaka chakula kikaiva. Bwana afya alikuja na pikipiki ya serikali akasema ni ukosefu wa choo, boma zima lichimbe. Wakati huo kushika jembe ndani ya hifadhi ya wanyamapori walimoishi lilikuwa kosa la kupelekwa mahakamani, kwa hiyo Sintamei akamuuliza choo kinachimbwa kwa kijiko? Bwana afya akaandika kwamba wananchi hawana mwamko, akaondoka na pikipiki yake.

Boma la Sintamei lilikuwa upande wa Endulen, chini ya kilima chenye miiba mingi kuliko majani. Alikuwa mke wa pili wa Ngoyai, mzee mpole ambaye ubaya wake mmoja ulikuwa kupenda mambo yakae sawa. Na katika nyumba ya mke mdogo palikuwa na jambo lisilokaa sawa: ng'ombe wanne wasiokuwa na wenyewe.

Kwa Wamaasai mtoto wa kiume hupewa ng'ombe jike wake angali mchanga. Anakua naye, na uzao wa huyo jike ndio mwanzo wa mali yake. Mtoto akifa, jina lake halitajwi tena, kwa sauti wala kwa kunong'ona. Kama jina lilikuwa pia neno la kawaida, watu wa nyumba ile hutafuta neno jingine. Lakini ng'ombe habadilishwi. Anabaki anacheua.

Sintamei alikuwa amezaa wavulana wawili kabla ya Moloimet. Wa kwanza hakumaliza miaka miwili, wa pili alifika mitatu, wote kwa majipu na homa. Waliacha jike mwekundu na jike wa kijivu. Kabla ya hapo, Sintamei akiwa msichana huko Arash, kaka zake wawili walikufa vivyo hivyo, nao waliacha jike wa madoadoa na jike mweusi mwenye paji jeupe. Alipoolewa, baba yake alimkabidhi vizazi vya hao wawili aende nao. Alisema ni zawadi. Ukweli ni kwamba mzee hakutaka kuwaona tena zizini kwake.

Ngoyai aliwatazama hao wanne kila jioni wakiingia, akawa anakuna kidevu.

"Mama Moloimet, hawa wanne tuwape wana wa mke mwenzako. Ng'ombe kukaa bure bure si vizuri."

"Hawakai bure. Wanakula majani."

"Nasema hawana mwenyewe."

"Wanaye. Ila hayupo."

Ngoyai aliishia hapo, maana angeendelea angekaribia majina. Lakini kesho yake alikuna kidevu tena. Naye Sintamei alijua hesabu ile inaelekea wapi: Moloimet alikuwa na mtamba wake mweupe, na siku Moloimet akiondoka, mtamba mweupe angejiunga na wale wanne. Alichotaka Sintamei duniani kilikuwa hicho kimoja, mwanawe asibaki ng'ombe tu. Ndiyo sababu alimaliza katambuga.

Nusu siku kwa miguu kutoka bomani palikuwa na hospitali ndogo ya misheni, mabati mekundu, jina lake tuliache kwa kuwa waliokuwamo bado wana ndugu. Daktari wake alikuwa Bartolomeo, Mwiraqw wa Mbulu, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta ya vidonda. Nesi wa wodi ya watoto alikuwa Lukresia wa Karatu, mwenye ulimi uliotosha wodi tatu. Na kwa kuwa daktari hakujua Kimaasai zaidi ya salamu, alikuwepo Lembris, mhudumu na mkalimani.

Lembris alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake karibu imuue mtoto.

Kila Sintamei alipofika, daktari alifungua faili na kuuliza jambo lile lile. "Muulize, watoto wake wangapi wamekufa? Na kwa wazazi wake, kuna watoto wa kiume waliokufa wadogo?"

Lembris alisikia vizuri, na Kiswahili alikijua vizuri. Lakini mwanamume mwenye akili zake atasimamaje mbele ya mama wa watu, asubuhi, bila msiba, amuulize habari za wafu wake? Hata habari za ng'ombe wa jirani haziulizwi hivyo. Kwa hiyo alimgeukia Sintamei akasema kwa Kimaasai, kwa heshima zote, akimwita yeyo, yaani mama:

"Yeyo, daktari anauliza nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo," alijibu Sintamei.

"Na kwenu Arash?"

"Wazima."

Lembris akamgeukia daktari. "Anasema wote wazima."

Daktari akaandika: *Hakuna vifo katika familia.* Akaandika hivyo Februari, akaandika Mei, akaandika Agosti. Faili likawa nadhifu mno. Ukilisoma ungedhani ukoo huo haujawahi kufiwa tangu dunia iumbwe, ila una kijana mmoja tu aliyeamua kuoza.

Mwezi wa kumi Sintamei alifika na Moloimet akiwa moto kama kigae, tumbo limevimba upande wa kulia, haguswi. Daktari alimbonyeza kidogo, mtoto akarusha mguu, miwani ikaanguka. Jipu safari hii lilikuwa ndani ya ini. Wakamtundikia dripu, wakaanza sindano, Lukresia akaenda kuchemsha vyombo.

Lembris hakuwepo. Alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa tawi la Chama, mkutano wa kupanga tarehe ya mkutano. Daktari akamsubiri, akatazama saa, akatazama mtoto, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Mwishowe akamgeukia mama mwenyewe na kumuuliza kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja.

"Mama. Watoto wako waliokufa. Ni wangapi?"

Sintamei alikuwa na Kiswahili cha mnadani Karatu, cha kununulia unga wa mahindi na ugoro na kumwambia mwenye duka kwamba kibaba chake kina tundu. Kilitosha. Alimtazama daktari kama vile amemvua nguo. Kisha akamtazama mtoto. Akamwekea shuka sawa, akafunga lubega lake, akatoka nje.

"Umemuudhi," alisema Lukresia, amebeba sufuria.

"Nimeuliza tu."

"Hawa hawaulizwi hivyo, daktari. Lembris hakukwambia?"

"Lembris anawauliza kila siku."

Lukresia akacheka mpaka akaiweka sufuria chini. "Lembris? Lembris anawauliza kama mvua imenyesha."

Daktari akalichukua faili la Moloimet akasoma ukurasa baada ya ukurasa, *hakuna vifo, hakuna vifo,* na masikio yakamwiva. Akatoka kumtafuta mama. Mlinzi akamwonyesha vumbi kwenye njia ya kilima. Kufikia jioni wodi nzima ilikwisha hukumu: Mmaasai katupa mtoto kakimbia. Mwanamke mmoja mwenye mapacha alisema aliliona hilo tangu asubuhi.

Sintamei hakuwa amekimbia. Alikuwa anatembea, ingawa kwa mwendo ule tofauti ni ndogo. Njiani alijaribu kulisema kinywani, peke yake, hapana mtu wa kusikia. Lile jina la kwanza lilifika kwenye meno likarudi. Akajaribu kwa vidole: akakunja kimoja, akakikunjua. Alifika bomani jua linazama na ng'ombe wanaingia zizini, akasimama langoni anawatazama wakipita, mwekundu, wa kijivu, wa madoadoa, mwenye paji jeupe.

Asubuhi, kabla maziwa hayajapoa kwenye kibuyu, Ngoyai alimkuta anawatoa wale wanne peke yao.

"Unawapeleka wapi?"

"Hospitali."

"Wanaumwa?"

"Wameitwa."

Ngoyai alikuna kidevu. Katika maisha yake hakuwahi kusikia ng'ombe kuitwa hospitali, lakini tangu serikali ianze kuhesabu hata faru mmoja mmoja, hakuna kilichomshangaza. Akamwachia njia, akamwongezea na fimbo.

Saa tano walifika. Ua wa hospitali ile ulikuwa fahari ya masista: maua mekundu kando ya kijia na mawe yaliyopakwa chokaa. Wa madoadoa alianza na maua. Mlinzi alipuliza filimbi, mapacha wakalia, Lukresia akatoka na ufagio, na Lembris, aliyerudi kutoka kupanga tarehe, akaja mbio huku anasema kwa Kimaasai kwamba yeyo, hapa si mnadani.

"Mwite daktari," alisema Sintamei. "Na wewe simama hapa."

Daktari akaja. Moloimet alikuwa hai, homa haijashuka. Sintamei aliuliza hilo kwanza, kwa macho, na daktari akaitikia kwa kichwa. Ndipo akainua fimbo akaigusisha mgongoni mwa jike mwekundu.

"Huyu alipewa mtoto wa nyumba yangu," alisema kwa Kimaasai. "Mtoto hayupo. Alikuwa na majipu."

Lembris akamtazama ng'ombe.

"Sema," alisema Lukresia kwa Kiswahili, ufagio mkononi. "Leo si habari za mvua."

Lembris akasema. Fimbo ikahamia kwa wa kijivu. Mtoto mwingine wa nyumba hiyo hiyo; majipu, kisha kifua. Ikahamia kwa mwenye paji jeupe.

"Huyu ni kizazi cha ng'ombe wa mtoto wa mama yangu. Hayupo. Tumbo lilivimba kama la huyu aliye ndani." Kisha wa madoadoa, aliyekuwa bado na ua mdomoni. "Na huyu, mwingine wa mama yangu."

Daktari alikuwa mtoto wa wafugaji wa Mbulu. Alijua kusoma zizi kabla hajajua kusoma kitabu. Alichuchumaa pale pale uani, akageuza jalada la faili upande usioandikwa, akaanza kuchora. Juu, mama wa Arash. Chini yake Sintamei na vichwa viwili vya ng'ombe. Chini ya Sintamei vichwa vingine viwili, na pembeni cha tatu, ambacho hakukiwekea pembe.

"Wote wavulana?"

"Wote."

"Wote kwa upande wa mama. Wasichana?"

"Wasichana wazima. Mimi hapa. Na mdogo wangu Soila, ameolewa Arash."

Daktari aliutazama mchoro muda mrefu kiasi kwamba ng'ombe wa kijivu alimnusa shingo. Kisha akaanza kueleza, na Lembris akatafsiri. Katika damu kuna askari, alisema, kazi yao kukamata vijidudu vinavyoleta usaha. Askari wa Moloimet ni wengi na wanakimbia vizuri. Wanavikamata. Lakini hawana cha kuulia. Ni kama morani wanaomkamata simba kwa mkia na mikuki wameiacha nyumbani.

"Morani hawezi kuacha mkuki," alisema Lembris.

"Ni mfano, Lembris."

"Ni mfano mbaya. Hilo sitamwambia."

"Mwambie hawana mkuki, basi."

Akamwambia. Sintamei akauliza nani aliuficha.

Hapo daktari alivua miwani. "Mwambie hakuna aliyeficha. Wamezaliwa hivyo. Kipimo chenyewe sina hapa, kiko mbali, na damu ikifika huko imekwisha kufa. Lakini ng'ombe wanne wananitosha. Mwambie ugonjwa huu mama huwa nao bila kuugua, na humpa mtoto wa kiume. Umetoka kwake."

Lembris alikohoa. Alitazama mawe ya chokaa. Kisha kwa Kimaasai kizuri kabisa akasema, "Yeyo, daktari anasema ni mambo ya Mungu."

Sintamei hakumgeukia. "Sema kama alivyosema," alimwambia kwa Kiswahili, mbele ya daktari. "Nimesikia 'mama'. Nimesikia 'umetoka'. Sema."

Lembris akasema kama alivyosema. Sintamei alimsikiliza mpaka mwisho, akamfukuza inzi aliyekuwa machoni mwa jike mwekundu, akauliza swali moja tu.

"Mkuki unapatikana?"

Haukupatikana. Kilichopatikana kilikuwa sindano ndefu ya kuvutia usaha kwenye ini, ambayo Lukresia aliisimamia kwa kumshika mtoto na kumtukana kwa Kiiraqw apate kusahau. Wiki tano za dawa. Na baada ya hapo vidonge vyeupe vya septrini, nusu asubuhi nusu jioni, kila siku, awe mzima au mgonjwa. Kidonda asipakwe samadi. Asilale kwa ndama. Homa ikianza aletwe siku hiyo hiyo, si kesho. Kwa hilo la kesho Sintamei alicheka, mara ya kwanza mwaka huo. Yeye na kesho walikuwa hawajuani.

Hiyo ilikuwa 1983, mwaka ambao hata sabuni ilihitaji kibali cha mkubwa, na septrini zilikuja kwenye masanduku ya masista au hazikuja. Lembris alijipa kazi ya kuzileta bomani mwenyewe kila mwisho wa mwezi, kwa miguu, hakutumwa na mtu. Akifika humuuliza Sintamei nyumbani hamjambo. Kisha, baada ya kukohoa, humuuliza Moloimet ana jipu wapi.

Lakini mchoro ulikuwa na mahali pamoja pasipojazwa. Daktari alikuwa amechora mstari kutoka kwa mama wa Arash hadi kwa Soila na kuuacha unaning'inia. Huenda anao, alisema, huenda hana. Nusu kwa nusu. Soila alikuwa na mimba. Akizaa mvulana, asipewe chanjo ya kifua kikuu mpaka ijulikane, maana kwa watoto wa namna hii chanjo yenyewe hugeuka kidonda, kama kwapa la Moloimet. Akaandika barua, Lukresia akanakili mchoro kwa karatasi ya wodi, vikafungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Habari za kujifungua zilipofika, mwezi wa pili, Sintamei alimwachia Ngoyai kopo la vidonge. Alimwonyesha nusu na nusu mara kumi na moja, mpaka mzee akamwambia kwamba amewahi kuongoza ng'ombe mia mbili kutoka Serengeti na hakupoteza hata kwato. Kisha akamtoa mtamba, mtoto wa yule mwenye paji jeupe, naye ana paji jeupe, akashika njia ya Arash. Siku nne.

Soila alikuwa amekaa mlangoni, mtoto wa kiume kifuani. Alimwona mtamba kabla hajamwona dada yake, akakunja uso.

"Huyo namjua."

"Ni zawadi ya mtoto."

"Mrudishe. Mwanangu ni mzima. Baba yake atampa ng'ombe asiye na habari."

"Amekwisha kuchanjwa?"

"Gari la kliniki halijaja. Hawana dizeli." Na hiyo, kwa miaka ile, ilikuwa mara ya kwanza ukosefu wa dizeli kumfaa mtu. "Sintamei, umetembea siku nne kuniletea msiba uliokwisha?"

"Haujaisha. Mimi nilidhani umeisha, nikazaa watatu."

Soila alimgeuzia mgongo akaingia ndani. Sintamei akamfunga mtamba kwenye mti wa miiba mbele ya mlango, akaketi. Akakaa siku tisa. Waliomfahamu wanasema hakuwahi kutulia mahali hivyo tena. Kila asubuhi alisimama, akatazama njia ya kusini alikotoka, kwenye kopo na kidevu cha Ngoyai, akazunguka boma mara mbili, akarudi kuketi. Soila alimletea chai, akarudi ndani. Siku ya tatu alimletea mtamba maji. Siku ya sita aliuliza, kana kwamba anaulizia bei ya shanga, hizo dawa humezwa kwa maji au kwa maziwa.

"Kwa chochote. Zinasagwa kwanza."

Siku ya tisa vumbi likaonekana, na Landrova ya kliniki ikaja imejaa akina mama waliopewa lifti. Nesi wa gari akaweka meza yake, akamwita Soila, akavuta sindano. Sintamei alikwisha fika mbele yake na mfuko wa nailoni. Nesi akaisoma barua mpaka chini, akaugeuza mchoro huku na huku.

"Sasa hii ni barua ya daktari au ya bwana mifugo? Hivi vichwa vya ng'ombe vinne ni nini?"

Sintamei alifungua kinywa. Lilifika kwenye meno, likakwama.

"Ni kaka zetu wawili," alisema Soila nyuma yake, mtoto kamlaza begani. "Na wanawe wawili. Walikuwa na majipu. Huyu wangu usimchome."

Nesi aliwatazama wote wawili, akairudisha sindano kwenye kasha lake, akaandika kwenye kadi. Soila alikwenda pale mlangoni, akamfungua mtamba mwenye paji jeupe, akampeleka mwenyewe zizini.

Sintamei hakusubiri chai. Alikuwa anamuuliza dereva gari linarudi saa ngapi, na kama lina nafasi hata ya kusimama, kwa sababu ni jioni ya kumi na tatu Ngoyai anagawa nusu na nusu, na wanaume, alisema, huanza kukata kidonge kwa jicho.